Sura ya Tatu: Chuma Hakiokotwi

Kabla ya wageni kuja, sisi tulivumbua nini?

Swali hili huulizwa madarasani, kwenye vijiwe vya kahawa na, siku hizi, kwenye makundi ya simu ambako hujibiwa kwa dakika mbili. Wako wanaouliza wakiwa wamekwisha kujijibu kwamba hatukuvumbua kitu. Wako wengine wanaouliza ili wapate nafasi ya kusema kwamba tulivumbua kila kitu, kisha tukaibiwa. Pande hizi mbili hugombana sana, lakini kuna jambo moja zinakubaliana bila kujua: zote zinauchukua uvumbuzi kuwa ni mbio, na zinachotaka kujua ni nani aliyefika wa kwanza.

Mimi nalipenda swali lenyewe. Nisichokipenda ni haraka yake. Tukiacha kidogo habari ya nani wa kwanza, tunaweza kuuliza hivi: mtu aliyeishi mahali fulani, akiwa na mawe yale, miti ile, udongo ule na njaa ile, aliitatua vipi shida yake? Ukiuliza hivyo huna budi kuinama uitazame kazi yenyewe, kwa sababu jibu halipo kwenye majina wala tarehe. Limo ndani ya kazi.

Kazi nitakayoitazama katika sura hii ni ya kupata chuma. Nimeichagua kwa sababu ni ngumu kuliko wengi tunavyodhani, na kwa sababu watu wa Buhaya, Ufipa, Upare na Upangwa waliifanya kwa vizazi vingi, tena kwa njia ambazo hazifanani.

## Jembe lilianza kama jiwe

Anayekwenda dukani leo kununua jembe huwaza bei na labda mpini. Katika karne ya 19, kwa Wasukuma na Wanyamwezi, jembe la chuma lilikuwa mali ya kuwekeza. Lililipia mahari, lilibadilishwa kwa mbuzi na nafaka, na wapagazi walilibeba hadi masoko ya mbali. Kusini-magharibi mwa Ziwa Viktoria, Warongo walijulikana kwa kazi hiyo moja kuliko nyingine zote. Wachagga walitegemea chuma cha Wapare, na wahunzi wao wakakifua kuwa mikuki iliyofika hadi kwa Wamasai. Huko Ugweno, kaskazini mwa milima ya Upare, masimulizi yanasema ukoo wa Washana, ambao ni wahunzi, ndio uliotawala kabla ukoo wa Wasuya haujaupindua. Nyundo na utawala vilikaa nyumba moja.

Pwani nako chuma kilikuwa biashara. Mwanajiografia al-Idrisi, aliyemaliza kitabu chake mwaka 1154 katika kisiwa cha Sicily, aliandika kwamba watu wa Malindi walikuwa na machimbo ya chuma, na kwamba chuma ndicho kilichowapa faida kubwa.

Yote hayo yalianza na jiwe. Dhahabu unaweza kuiokota mtoni ikiwa dhahabu tayari. Chuma hakiokotwi. Chuma kilicho tayari juu ya ardhi ni haba mno, na sehemu kubwa yake imeanguka kutoka angani, kama kile Kimondo cha Mbozi kilichoko mkoani Songwe. Jambia lililozikwa pamoja na Tutankhamun, mfalme wa Misri aliyefariki karibu mwaka 1323 KK, limepimwa na kuonekana limefuliwa kutokana na kimondo. Mfalme wa nchi tajiri kuliko nyingi za wakati ule alizikwa na chuma cha kimondo kama kitu cha thamani kubwa.

Chuma kinginecho chote kimefungwa ndani ya mawe, kikiwa kimeungana na oksijeni, yaani ile sehemu ya hewa tunayoihitaji ili tuishi. Muungano huo unaufahamu. Bati la nyumba likikaa miaka na kushika kutu, ni chuma kinachorudiana na oksijeni. Mawe mekundu au ya kahawia ambayo wayeyushaji waliyachimba yako katika hali hiyo hiyo, isipokuwa yamekaa hivyo tangu zamani sana. Kazi ya tanuri ni kuvunja muungano huo.

## Gesi inayoua, gesi inayozaa chuma

Kinachovunja muungano ni mkaa. Wengi hudhani mkaa ulikuwa wa kuleta joto tu, lakini ulikuwa na kazi ya pili iliyo kubwa zaidi.

Mkaa ukiwaka mahali penye hewa haba hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Ndiyo inayowaua watu wanaolala na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, kwa sababu huchukua nafasi ya oksijeni ndani ya damu. Gesi hiyo ina kiu ya oksijeni. Ikipita katikati ya mawe ya chuma yaliyopata moto, huinyakua oksijeni iliyomo ndani ya mawe na kukiacha chuma peke yake.

Hapa ndipo penye ugumu. Ili moto uwe mkali, unahitaji hewa nyingi. Ili gesi hiyo ipatikane kwa wingi, unahitaji hewa iwe haba. Myeyushaji anavitaka vyote viwili ndani ya tanuri moja, kwa wakati mmoja: moto mkali mbele ya mdomo wa mrija unaoingiza hewa, na mahali pengine ndani humo humo, hewa iliyokwisha kuliwa na mkaa. Akipuliza kidogo mno, mawe yanabaki mawe. Akipuliza mno, chuma alichokipata kinaungua tena na kurudi kilikotoka. Naye hana kipimajoto. Ana rangi ya moto, sauti ya mivukuto, na macho ya mtu aliyesimama pale tangu ujana wake.

Jambo jingine linalowashangaza wasomaji ni kwamba chuma chenyewe hakikuyeyuka. Shaba huyeyuka kwenye nyuzi joto 1,085, chuma kwenye nyuzi 1,538, na kufika huko kwa mkaa na mikono si mchezo. Lakini haikuwa lazima. Kwenye nyuzi kama 1,200, uchafu uliomo ndani ya mawe huwa umekwisha kuyeyuka na kutiririka chini. Uchafu huo ukipoa huwa mabonge meusi, mazito, yenye vitundu, yaitwayo mavi ya chuma. Kinachobaki tanurini ni bonge la chuma lenye matundu matundu kama sponji, ambalo mhunzi hulipasha moto na kulipiga juu ya fuawe mpaka uchafu uliosalia umeruka wote na chuma kikashikana.

Kwa ufupi, myeyushaji alihitaji vitu hivi:

- mawe yenye chuma cha kutosha, ambayo mara nyingi yalichomwa kwanza juu ya kuni ili yakauke na kupasuka;
- mkaa mwingi wa miti migumu, uliochomwa siku nyingi kabla;
- udongo ambao hautayeyuka kabla ya mawe;
- upepo unaoongozwa.

Vitatu vya kwanza hutafutwa. Upepo haukusanywi kikapuni. Ni lazima utengenezwe, na hapo ndipo kila jamii ilipojibu kwa namna yake.

## Buhaya: mti wa mfalme na wazee wa tanuri

Magharibi mwa Ziwa Viktoria, katika mkoa wa Kagera, Wahaya husimulia habari za Rugomora Mahe, mfalme wa karne ya 17. Inasemwa aliwaagiza wahunzi wamjengee mnara wa chuma wa kufika mbinguni. Katika kijiji cha Katuruka wazee waliweza kuonyesha mti unaohusishwa na kazi hiyo ya chuma. Mtu mwenye haraka angeyasikia masimulizi hayo akayaweka kando pamoja na hadithi za sungura na fisi.

Peter Schmidt, mwanaakiolojia kutoka Marekani, hakuyaweka kando. Akiolojia ni elimu ya kujua maisha ya kale kwa kuchimbua mabaki yaliyoachwa ardhini. Aliwafuata wazee, akachimba pale walipoonyesha, akakuta mabaki ya kuyeyusha chuma yaliyokuwa ya kale mno kuliko mfalme mwenyewe. Pale Katuruka na baadaye karibu na ghuba ya Kemondo, kusini mwa Bukoba, ushahidi ulionyesha kwamba watu walikuwa wakiyeyusha chuma katika eneo hilo takriban miaka 2000 iliyopita. Walikuwa wakati huo huo wakifinyanga vyungu vya aina iitwayo Urewe, kwa jina la mahali palipo Siaya, nchini Kenya, ambako vyungu hivyo vilitambuliwa mapema.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu mara nyingi tunawaambia watoto wetu kwamba kisichoandikwa kimepotea. Katuruka haikuandikwa na mtu. Ilisimuliwa, na masimulizi yalibadilika kila yaliporithiwa, hata mfalme wa juzi akapewa kazi ya watu wa kale zaidi. Mahali, hata hivyo, palibaki pale pale.

Kisha ikaja kazi ambayo kwangu ni kubwa kuliko uchimbaji. Kufikia miaka ya 1970, hakuna aliyekuwa akiyeyusha chuma Buhaya. Walikuwapo wazee walioifanya kazi hiyo wakiwa vijana. Mwaka 1976 wazee hao, wakifuatwa na Schmidt na Donald Avery, mhandisi wa Chuo Kikuu cha Brown, walijenga tanuri upya.

Walichimba shimo na kulikandika kwa udongo wa kichuguu. Udongo huo haukuchaguliwa kwa bahati; ule wa vichuguu vingi hustahimili moto kuliko udongo wa shambani. Ndani ya shimo walichoma matete ya bwawani, wakaongeza na kuongeza, mpaka shimo likajaa mabua meusi yaliyoungua bila kuwa majivu. Juu yake walijenga mnara mfupi uliochongoka, na matofali yake yalikuwa mavi ya chuma yaliyosalia kwenye kazi za zamani, yakishikanishwa kwa udongo ule ule wa kichuguu. Uchafu wa tanuri la babu ukawa ukuta wa tanuri la mjukuu. Waliingiza mirija minane ya udongo uliochomwa, iliyopenya mpaka ndani kabisa ya tanuri, na kila mrija ukawa na mivukuto yake: vyombo vya mti vilivyofunikwa ngozi ya mbuzi, ambavyo mtu huvisukuma kwa vijiti, juu chini, juu chini, kwa saa nyingi huku wimbo ukiishika kasi ya mikono.

Haikutoka vizuri mara moja. Waliyeyusha, wakatazama, wakarekebisha, wakayeyusha tena. Mikono yao ilikuwa imekaa nusu karne bila kazi hiyo, na sehemu ya ujuzi ilibidi itafutwe upya mbele ya moto. Walipofaulu, mabonge waliyoyatoa yalikuwa na sehemu zilizokuwa chuma cha pua, yaani feleji: chuma kilichokunywa kiasi kidogo cha kaboni kutoka kwenye mkaa, kikawa kigumu na kushika makali kuliko chuma laini.

Matete yale yalikuwa na kazi gani? Yalizuia mavi ya chuma yasigandane na bonge kwenye sakafu, kwa kuyaachia nafasi ya kushuka katikati ya mabua. Kaboni yake nayo ilikuwa karibu na chuma pale chini, mahali ambapo mkaa mkubwa haufiki vizuri. Katika mavi ya chuma ya kale yaliyochimbuliwa eneo hilo zimeonekana alama za mabua. Kwa hiyo si wazo la wazee wa 1976, walilirithi.

## Ubishi wa upepo wa moto

Sasa nifike kwenye lile linalosambazwa sana kwenye simu: kwamba Wahaya walitengeneza feleji miaka 2000 kabla ya Ulaya. Nataka tulitazame kwa makini, maana tunaipenda historia hii na hatuna sababu ya kuiongezea chumvi.

Mwaka 1978, Schmidt na Avery waliandika katika jarida la kisayansi la Science kwamba tanuri la Kihaya lilikuwa na siri moja. Mirija ilipenya mbali ndani ya moto, hivyo hewa ilipita kwenye udongo uliowaka na kufika kwenye mkaa ikiwa tayari ya moto. Walisema joto lilipita nyuzi 1,800. Huko Uingereza, James Beaumont Neilson wa Glasgow alipata hataza ya kupasha moto hewa ya tanuri mwaka 1828. Hataza ni haki ya kisheria ya mvumbuzi kumiliki uvumbuzi wake kwa muda fulani. Njia ya Neilson ilipunguza sana makaa yaliyohitajika, ikaubadilisha ufuaji chuma wa Scotland. Kama hoja ya Schmidt na Avery ni sahihi, Wahaya walilijua wazo hilo mapema mno, bila bomba wala jiko la kupashia hewa.

Wataalamu wengine walikataa. Walisema hewa hupita kwenye mrija kwa kasi kubwa mno, haipati muda wa kupata moto kiasi kilichodaiwa, na kwamba joto kali linaweza kuelezwa kwa njia nyingine. Ubishi huo uliendelea miaka mingi, na wasomi waliouandika walikuwa na hoja nzito pande zote mbili.

Tena feleji haikuwa mpya duniani. Wahindi walikuwa na feleji yao mashuhuri iliyopikwa ndani ya vyungu, na Ulaya ya kale nayo ilikuwa na feleji, kwa kiasi kidogo na kwa tabu. Anayesema Ulaya haikuijua feleji mpaka karne ya 19 anachanganya mambo mawili. Kilichokuja karne ya 19 ni feleji nyingi na rahisi, kuanzia njia ya Henry Bessemer ya mwaka 1856.

Je, Wahaya wamepungukiwa kitu baada ya masahihisho hayo? Mimi sioni. Hata ukiiondoa kabisa hoja ya hewa ya moto, bado umebaki na udongo wa kichuguu, sakafu ya matete yaliyochomwa, ukuta wa mavi ya chuma, mirija minane na feleji ndani ya bonge. Hayo ni maamuzi, na kila moja lina historia ya majaribio yaliyoharibika nyuma yake. Tukiutundika uvumbuzi huu wote kwenye dai moja la kuwashinda Wazungu, siku dai hilo likitikiswa tutadhani vyote vimeanguka. Ni hasara kubwa kuifanya akili ya watu wa Kemondo itegemee Glasgow ili ihesabike.

## Ufipa: acha tanuri livute lenyewe

Ukitoka Ziwa Viktoria ukashuka kusini hadi Ufipa, kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, unakutana na jibu jingine kabisa. Sehemu ya jibu hilo bado imesimama porini: minara ya udongo inayompita mtu kwa urefu, mingine ikifika meta 3. Wafipa huiita malungu.

Lungu halikupulizwa na mivukuto. Chini, kuzunguka tanuri, yaliachwa matundu ya kuingizia mirija. Moto ulipowaka, hewa ya moto ndani ya mnara ilipanda kwa sababu ni nyepesi, na hewa baridi ikavutwa na kuingia kwa chini kujaza nafasi yake. Kadiri mnara ulivyokuwa mrefu, ndivyo mvuto ulivyokuwa mkubwa. Kazi iliendelea kwa siku kadhaa, usiku na mchana, bila watu kupokezana mivukuto.

Jibu hili lina bei yake. Tanuri la namna hiyo hula mkaa mwingi, na bonge linalotoka huwa na uchafu mwingi. Wafipa walilijua hilo, kwa hiyo walikuwa na hatua ya pili: tanuri dogo, lenye mivukuto safari hii, la kulisafisha bonge kabla halijafika kwa mhunzi. Wahaya walitumia nguvu za mikono kupata moto mkali mara moja. Wafipa waliuachia mnara kazi kubwa, kisha wakamalizia kwa mikono. Ukiniuliza ni wepi walikuwa na akili zaidi nitakuuliza: una misitu kiasi gani, na una vijana wangapi wa kupuliza?

Bertram Mapunda, mwanaakiolojia wa Tanzania aliyefanya utafiti mrefu upande huo, alionyesha kwamba malungu hayakuwa peke yake. Kulikuwa na matanuri mengine mafupi, tofauti kabisa, yaitwayo katukutu. Kwa hiyo hata ndani ya eneo moja njia zilibadilika na kupishana. Ile picha ya "ufundi wa jadi" uliokaa vile vile tangu mwanzo wa dunia hadi alipofika mmisionari haisimami mbele ya ushahidi huo.

## Dawa, mwiko na bibi harusi

Siwezi kuueleza ufundi huu nikaficha dawa zake. Katika Buhaya na Ufipa, na sehemu nyingi za Afrika, tanuri lilichukuliwa kuwa mwanamke na kuyeyusha kukawa ni kuzaa. Wafipa walilipamba lungu jipya kama bibi harusi. Wahaya walichimba kishimo chini ya tanuri na kuweka dawa. Wayeyushaji walijitenga na wake zao kwa muda wote wa kazi, kwa maana tanuri ndilo lililokuwa mke wakati huo, na anayetoka nje ya ndoa huharibu mimba.

Wasomi wengine huyatafsiri hayo kuwa sayansi iliyovaa kanzu: mwiko huu ni kanuni ya usalama, dawa ile ni kemia. Najua nia yao ni njema, lakini naona wanawavua wale wazee imani yao ili wapate kuwaheshimu. Waliamini kwamba kugeuza jiwe kuwa chuma ni jambo la uzazi, na kwamba uzazi una wivu, una wachawi na una hatari. Mtu anaweza kuamini hivyo kwa moyo wote na wakati huo huo akajua kwa usahihi mkubwa rangi ya moto inayofaa.

Ninachokiona ni kwamba taratibu hizo zilikuwa na matokeo ya kazini. Nyimbo zilishika mwendo wa mivukuto. Mpangilio wa dawa uliwalazimu watu wafuate hatua kwa mfuatano ule ule. Kujitenga kuliwaweka wote kambini, karibu na moto. Na usiri uliilinda riziki ya ukoo. Usiri huo huo, hata hivyo, ndio uliokuja kuuponza ufundi wenyewe.

## Ujuzi ulikwenda wapi?

Matanuri yalizimika ndani ya vizazi viwili hivi, kuanzia mwishoni mwa karne ya 19. Sababu haikuwa moja, lakini mpangilio wake ni rahisi kuufuata.

Majembe na vyuma vya viwanda vya Ulaya vilishuka bandarini kwa bei ambayo tanuri la mkaa halikuiweza. Serikali za kikoloni zikadai kodi kwa fedha taslimu, zikawahitaji wanaume kwa vibarua, zikaweka masharti ya kukata miti. Buhaya ikaingia kwenye kahawa. Kijana aliyeweza kuuza kahawa, akalipa kodi na kununua jembe dukani kwa chenji iliyobaki, hakuwa na sababu ya kukaa wiki akichoma mkaa, akichimba mawe na kulala mbali na mkewe. Hakuwa mjinga wala msaliti. Alipiga hesabu.

Uhunzi haukufa. Wahunzi waliacha mabonge wakageukia chuma chakavu, na mpaka leo katika karakana za kando ya barabara utaona kisu, shoka au mundu vikifuliwa kutokana na springi za magari. Feleji ya springi ni nzuri, na mhunzi huijua kwa kuipiga. Kilichokufa ni hatua ya kabla ya hapo, ile ya kukitoa chuma kwenye jiwe.

Nao ni ufundi unaokufa upesi, kwa sababu hakuna mtu mmoja anayeujua wote. Yupo anayejua mawe, yupo wa udongo wa mirija, yupo wa mkaa, yupo anayesikiliza moto. Ukivunja kundi, kila mmoja anabaki na kipande kisichofanya kazi peke yake. Pale ambapo kila kipande kilikuwa siri ya ukoo, mtoto aliyekwenda shule au shamba la kahawa hakuachiwa hata hicho kipande. Wale wazee wa 1976 walikuwa karibu na ukingo. Miaka kumi baadaye huenda wasingepatikana wa kutosha kuliwasha tanuri.

## Mawe ya Ludewa

Wapangwa wa Ludewa, mkoani Njombe, nao walikuwa wayeyushaji hodari. Katika wilaya hiyo hiyo upo mlima wa Liganga, wenye mamilioni ya tani za mawe ya chuma, na karibu nao makaa ya mawe ya Mchuchuma. Mipango ya kujenga kiwanda hapo imezungumzwa kwa miongo mingi, na mara nyingi mazungumzo hayo huhusu mtaji, mkataba na barabara.

Mawe yenyewe yana neno la kusema. Chuma cha Liganga kimechanganyika na titani na vanadi, metali mbili zenye thamani. Titani ikiwa nyingi ndani ya tanuri kubwa la kawaida, mavi ya chuma huwa mazito kama uji uliokaza, hayatiririki, na tanuri huziba. Nchi nyingine zenye mawe ya aina hiyo zimelazimika kutafuta njia zao. China, huko Panzhihua, ilijifunza kuyatumia ndani ya matanuri makubwa kwa kuchanganya na mawe mengine na kuchunga mno joto na mchanganyiko. New Zealand, ambayo chuma chake kiko kwenye mchanga mweusi wa pwani, iliacha kabisa tanuri la kawaida: hupasha mchanga huo pamoja na makaa kwenye mitungi mirefu inayozunguka, kisha hukamilisha kazi kwa umeme.

Hakuna kati ya njia hizo mbili iliyotengenezwa kwa mawe ya Liganga. Mtu wa kuyaelewa mawe hayo atakuwa yule aliyeyachoma, akakosea, akatazama mavi yake yalivyotiririka au yalivyokataa kutiririka, akabadilisha kipimo akachoma tena, naye ana wenzake wanaoandika kila matokeo mahali ambapo kijana yeyote wa Ludewa au Bukoba anaweza kuyasoma. Maabara ya kuanzia kazi hiyo ni ndogo kuliko kiwanda, na haihitaji kusubiri mwekezaji.